Gundi ya Bafuni

Hasira ya Kioo ilianza Jumatano kwenye simu, na Jumamosi asubuhi alipofika nyumbani kwa mama yake ilikuwa bado ya moto.

Siku hiyo ya Jumatano alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye ngazi baada ya kubandika kioo cha basi. Mikono ilikuwa myeusi kwa gundi, simu akaishika kwa bega na shavu. Mdogo wake alikuwa anampa habari njema: kioo cha mbele cha gari lao kimeshabandikwa.

"Kimebandikwa na nani?"

"Na mimi. Rafiki yangu mmoja, yule fundi wa vigae, alinishikia upande wa pili. Wewe si ulikuwa na mabasi yako, Dada? Sasa umebaki ukingo tu. Njoo Jumamosi utuwekee ukingo. Mjomba anakuja saa sita."

Kioo alikata simu bila kuaga. Kama angefungua mdomo, yangetoka maneno ambayo hayarudi.

Jina la Kioo alipewa kazini. Kwa miaka mingi amekuwa akitoa vioo vilivyopasuka kwenye mabasi na malori na kubandika vipya, hadi jina alilopewa na wazazi likabaki la kwenye kitambulisho tu. Mdogo wake naye ni Spana, kwa sababu tangu utotoni hakuna kitu chenye bolti kilichopona mikononi mwake, kuanzia baiskeli ya jirani hadi mashine ya Mama ya kusagia nyama.

Na gari lenyewe lilikuwa la kuunganisha wenyewe. Lilikuja vipande vipande ndani ya masanduku ya mbao: fremu ya chuma, bodi ya faiba, mifuko ya bolti na kitabu cha maelekezo chenye picha nyingi kuliko maneno. Ni gari dogo la viti viwili, fupi mgongo, na uso kama wa chura aliyekasirishwa. Injini na gia Spana alivitoa kwenye gari kuukuu lililogongwa nyuma. Siku walipofungua sanduku la kwanza walikubaliana: chuma chako, kioo changu. Hawakuandikiana. Ndugu wa tumbo moja waandikiane nini?

Walilijenga kwenye banda la uani, mahali ambapo Mama alitaka kufuga kuku. Mgeni akiuliza kelele zile za nyundo ni za nini, Mama alijibu, "Nimezaa wawili, na wote wameoana na chuma. Saa hizi ningekuwa nakula mayai."

Aliyewasumbua zaidi ni Mjomba, kaka yake Mama, dereva wa malori mstaafu. Tangu mwanzo alisema gari halizaliwi sandukuni. Aliliita kabati. Kila alipopita alichungulia bandani na kuuliza, "Kabati linaendeleaje? Limeshaota magurudumu?" Watu walicheka, Spana naye akacheka, lakini Kioo alimjua mdogo wake: akicheka hivyo masikio yanamwiva. Ndiyo maana Spana akatoa ahadi mbele ya watu kwamba Jumamosi hii Mama atakaa kiti cha mbele, watashika barabara kuu hadi nyumbani kwa Mjomba, na Mjomba atawafuata nyuma akila vumbi.

Basi Kioo alifika, akamkuta Spana analing'arisha gari kwa kitambaa. Hakumsalimia. Alizunguka mbele ya gari, akainama, akakitazama kioo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kilikuwa kimekaa sawa. Mwanya wa kukizunguka ulikuwa karibu sawa pande zote. Hilo nalo lilimuudhi. Alitaka aone kasoro.

"Si umeona?" Spana alisema. "Kimekaa kama kimezaliwa hapo."

"Gundi niliyoiacha kwenye kabati la Mama mmetumia?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Dada, kioo hicho kimeshika. Utaweka ukingo au tutafanyiana mahojiano?"

Kioo alifungua sanduku lake la vifaa. Mama alikuwa ndani anapiga pasi gauni lake la bluu, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Alijiambia: weka ukingo, nenda zako, mambo mengine mtayazungumza siku nyingine.

Ukingo ni mkanda wa raba nyeusi unaokizunguka kioo chote na kuziba ule mwanya kati ya kioo na bodi. Ni kazi ya mwisho, na watu wengi huidharau. Kioo aliuloweka kwenye beseni la maji ya moto mpaka ukalainika, akaufuta, akapangusa mwanya kwa kitambaa chenye spiriti. Alianzia chini katikati, pale ambapo mkono wa waipa utaficha maungio. Alipaka maji ya sabuni kidogo, akaingiza mdomo wa raba kwenye mwanya, akaushindilia kwa kijiti cha plastiki, kidogo kidogo. Siri ya raba ni kutoivuta. Ukiivuta inakutii, unafurahi, unaondoka. Kesho inarudi ilikotoka na kukuachia pengo. Kwa hiyo unaisukuma, unailisha, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji.

Upande wa dereva ulikwenda vizuri. Kona ya kwanza ilikwenda vizuri. Juu, chini ya paa, mikono yake ilishika mwendo wake wa kila siku, na hasira ikaanza kushuka kama maziwa yaliyoondolewa motoni. Alifikiri hata kumsifu. Pengine mtoto huyu amejifunza. Pengine amekaa akitazama mikono yangu kumbe alikuwa anaona.

Alipofika kona ya juu, upande wa abiria, alishindilia raba kwa dole gumba, na kioo kikarudi nyuma.

Kilirudi kidogo sana, unene wa ukucha. Kilitoa na sauti, kama mdomo unaofunguka. Alipoachia, kikarejea mahali pake.

Kioo alisimama akiwa ameweka kiganja palepale. Akasukuma tena. Kikarudi tena. Akachomoa ukingo aliokuwa ameuweka pale juu, akaingiza kijiti chake nyuma ya kioo na kukiinua kidogo. Gundi iliyokuwa ndani ilibanduka kwenye kioo safi, bila kubishana, kama ngozi ya juu ya maziwa. Haikuwa nyeusi. Ilikuwa ya kijivu, inang'aa, laini kama kamasi. Akaikaribia kwa pua.

Siki.

Gundi ya kubandikia vioo vya magari hainuki siki. Kinachonuka siki ni silikoni, ile ya kuziba pembeni mwa sinki na bomba la kuogea maji yasipite kwenye vigae.

"Spana," aliita. Sauti ilimtoka chini, na waliofanya naye kazi wangejua kwamba hapo ndipo pa kukimbia. "Njoo hapa."

Spana alikuja akiwa bado ameshika kitambaa.

"Nusa."

"Ninuse nini?"

"Nusa!"

Spana hakunusa. Alilitazama lile dirisha la jikoni, kisha chini.

"Umebandika kioo cha gari kwa gundi ya bafuni."

"Punguza sauti."

"Umebandika kioo cha gari, ambacho mama yangu atakaa nyuma yake kwenye barabara kuu, kwa gundi ya bafuni!"

"Ile yako ilikuwa ngumu!" Spana alinong'ona kwa nguvu. "Tumeibana, bunduki ya gundi ikapinda. Rafiki yangu alikuwa na hii kwenye begi lake. Akasema inashika hata maji hayapiti."

"Maji hayapiti! Tunaogea ndani ya gari? Ile ngumu unaipasha joto, ukanipigia simu ningekwambia. Na ile dawa nyeusi ya kushikisha, mlipaka?"

Spana alikikunja kitambaa mara mbili.

"Hata dawa hamkupaka."

"Nilijua tu utakuwa hivi."

"Nami nilikwambia mara ngapi? Kioo hiki si dirisha la choo. Ndicho kinachoshikilia paa. Ukifunga breki ghafla kinatakiwa kibaki. Ukikutana na lori, upepo wa lori unakisukuma, nacho kinatakiwa kibaki. Hata kitabu kimeandika kwa rangi nyekundu. Ulikisoma kitabu?"

"Nilikisoma."

Hapo ndipo Kioo alipoona kitu ambacho kilimchoma kuliko siki. Mtu asiyejua unamwelimisha. Huyu alijua. Alikisoma kitabu, alimsikiliza dada yake, akabandika hivyohivyo, kisha akamwita yeye, fundi, aje aweke ukingo juu yake. Mkono wake ndio ungefunika. Watu wangesema, mnaona? Ukingo umewekwa na Kioo mwenyewe.

"Ulitaka niufunike uongo wako," alisema.

"Nilitaka ukingo tu ufunike, halafu wiki ijayo tungekitoa taratibu tukakibandika upya. Nani angejua? Leo naenda polepole. Dada, nakuomba. Funika kombe Mjomba apite."

Hata katika hasira ile, Kioo alikaribia kucheka, na kwa kuwa alikaribia kucheka akazidi kukasirika.

"Mwambie Mama safari hakuna. Mwambie wewe, au nitasema mimi."

"Leo? Mbele ya Mjomba? Miaka yote hii ananiita fundi wa makabati, na leo nimwambie gari halitoki?"

"Bora fedheha kuliko msiba."

Kabla Spana hajajibu, geti liligongwa. Mjomba alikuwa amewahi. Aliingia akiwa amevaa kofia yake ya kiangazi, mikono nyuma, akiangalia banda kama mkaguzi.

"Salama humu? Kabati tayari, au bado mnaliombea dua?"

"Tayari, Mjomba," Spana alisema upesi. "Shikamoo. Dada anamalizia ukingo."

"Marahaba. Malizia, mwanangu, malizia. Ndio unaoonekana huo."

Kioo alimwamkia Mjomba bila kumtazama. Macho yake yalikuwa kwa mdogo wake, akimpa nafasi ya mwisho. Spana akageuka upande mwingine. Na Mama naye akatokea jikoni, gauni la bluu, viatu vya ngozi, mkoba mkononi, amejipaka na poda. Mama alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu, na hata kwenda sokoni alivaa kama anayekwenda kupokea zamu. Alifungua mlango wa gari mwenyewe, akainama, akajisukuma ndani, akafunga.

"Hee! Kiti hiki kinakukalisha kama mtoto mchanga," alisema. "Twendeni basi kabla jua halijawa kali."

Ukingo ulikuwa unaning'inia nusu kwenye boneti kama mjusi aliyekatwa mkia. Spana alizunguka, akaingia kwenye kiti cha dereva, akawasha injini. Ilishika mara moja. Ilikuwa na sauti nzuri, nzito, iliyotulia, na Mjomba akasahau kejeli zake, akasema, "Ala!"

Spana alitabasamu. Akaweka gia.

Kioo akasimama mbele ya gari.

"Toka, Dada."

"Zima."

"Nimesema toka!" Spana alitoa kichwa dirishani, na sasa na yeye alikuwa anapiga kelele. "Unafikiri ni wewe tu mwenye uchungu na gari hili? Nimekungojea! Kioo hiki kimelala chini ya kitanda changu msimu mzima. Kila Jumamosi mabasi. Kila Jumamosi 'wiki ijayo, mdogo wangu'. Watu wa mabasi ni nani kwako? Kama ungekuja hata siku moja nisingemwita fundi wa vigae!"

Maneno yale yalimpata Kioo, maana yalikuwa kweli. Lakini ukweli uliochanganywa na uongo haumpozi mtu. Alihisi joto likimpanda shingoni hadi kwenye nywele.

"Kwa hiyo kwa sababu nilichelewa, umuue Mama?"

Injini ilizimwa. Hakuizima Spana. Mama ndiye aliyenyoosha mkono na kugeuza ufunguo.

"Nani anamuua nani?" Mama aliuliza.

"Hakuna, Mama," Spana alisema. "Dada ana hasira zake, sikumsubiri, basi. Kioo kimeshika."

"Kimeshika?" Kioo alisema. "Sawa. Mama, naomba utoke kidogo."

"Nimeshakaa, mwanangu, na kutoka humu si mchezo."

"Mama. Tafadhali."

Mama alimtazama binti yake kupitia kile kioo, akaona alichokiona, akafungua mlango. Mjomba alimsaidia kusimama. Kioo akavua viatu, akaingia yeye. Alilala chali, mgongo kwenye kiti, mabega yakibonyea mahali palipokuwa na joto la mama yake. Akainua miguu na kuweka nyayo zake mbili kwenye kona ya juu ya kioo.

"Dada, usifanye hivyo," Spana alisema. Hakupiga kelele tena.

"Mjomba," Kioo aliita, "wewe umeendesha malori maisha yako yote. Kioo kilichobandikwa vizuri, mtu anaweza kukitoa kwa miguu?"

"Kwa miguu? Hata nyundo itakivunja tu, hakitoki."

"Mimi kazini hukikata kwa waya, watu wawili, tunatoka jasho. Sasa angalieni."

Akasukuma.

Hakutumia hata nguvu zake zote. Kona ya juu ilifunguka, kisha ukatokea mchaniko mrefu, laini, kama mtu anayechana shuka kuukuu, na kioo chote kikainuka kutoka kwenye fremu, kikalala juu ya boneti na kuanza kuteleza. Spana alirukia upande mmoja. Mjomba, aliyekuwa karibu zaidi, alirukia upande mwingine, kofia ikamwanguka, akakikumbatia kioo kifuani kama mtu anayemzuia mlevi asianguke. Walisimama hivyo, mtu na mpwa wake, wameshika kioo kizima katikati yao, na kamba za silikoni ya kijivu zikining'inia pembeni na kuwagusa mikono.

Hakuna aliyecheka. Kioo alikuwa bado amelala, miguu hewani, na hewa ya uani ilikuwa inampiga usoni moja kwa moja. Alijisikia vizuri, na vibaya papo hapo.

Mama aliokota kamba moja ya ile silikoni, akaivuta ikavutika, akainusa.

"Hii si ndiyo waliyoniwekea bafuni?" aliuliza.

Spana aliinamia kioo alichoshika.

Akamgeukia mwanawe, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya wodini, ile ambayo madaktari wachanga waliiogopa. "Ulijua?"

"Mama, nilitaka—"

"Sijauliza ulitaka nini. Ulijua?"

"Nilijua."

Mama alitikisa kichwa mara moja tu, kama anayethibitisha kitu alichokisoma kwenye kipimo. Kisha akageukia upande wa pili. "Na wewe. Ungeweza kuniita jikoni ukaniambia. Ulikuwa lazima uyafanye haya mbele ya watu?"

"Ningekuita jikoni angenikana, Mama."

"Pengine. Lakini hukujaribu." Akavua viatu vyake vya ngozi palepale uani, akavibeba mkononi, akaingia ndani peku na kufunga mlango.

Mjomba na Spana walikilaza kioo juu ya magunia. Mjomba akaokota kofia yake, akaikung'uta kwenye goti. Kioo alisubiri mzaha. Alikuwa na jibu tayari, kali, lenye miiba.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," Mjomba alisema. Wala hakulisema kwa kejeli. Alimwangalia Spana kama mtu aliyewahi kukimbia mbio hizohizo akiwa na tani nyingi za mzigo nyuma yake, akavaa kofia, akaondoka. Kwa Spana, kutochekwa kule kulikuwa adhabu tosha. Alikaa chini ya ukuta, akajifunika uso kwa kile kitambaa cha kung'arishia.

Kioo hakumfariji. Alivaa viatu, akakusanya vifaa vyake, akapita mbele yake kama mtu anayepita kwenye jiwe.

Watu wa nje hudhani mambo yanaishia hapo. Kazi ndiyo kwanza ilianza. Silikoni ikishagusa mahali, gundi ya kweli haitaki kukaa tena hapo. Ukibakiza utando hata usioonekana, umebandika bure. Fremu yote ya kioo kwenye bodi ya faiba ilitakiwa ikwanguliwe, isafishwe, ikwanguliwe tena, bila kuila faiba yenyewe. Kioo nacho vivyo hivyo, kingo zote nne.

Kioo aliomba kuondolewa kwenye zamu za Jumamosi. Msimamizi wake alinung'unika, akakubali, na urahisi wake wa kukubali ulimuuma Kioo, kwa sababu ulimwonyesha kwamba angeweza kuomba zamani. Akawa anakuja bandani peke yake. Alikwangua kwa wembe, akafuta kwa dawa, akapitisha kidole, akakwangua tena. Alikwangua kwa hasira. Kila utepe wa kijivu uliotoka aliutupia maneno: huu wa kuniambia uongo, huu wa fundi wa vigae, huu wa Mama na gauni lake. Mama alikuwa akimletea chai na kuiweka juu ya sanduku bila kusema kitu.

Spana hakuonekana. Halafu Jumamosi moja Kioo alifika akakuta wembe umeshatumika, na upande wa chini wa fremu umekwanguliwa hadi pembeni, mahali ambapo yeye hakuwa amefika. Alipitisha kidole. Palikuwa safi. Alipekua kwa taa akitafuta mabaki, akatafuta kwa nia mbaya kabisa, asiyapate.

Jumamosi iliyofuata walikutana. Spana alikuwa amepiga magoti kwenye boneti juu ya blanketi, anakwangua. Kioo alichukua wembe mwingine akaanza upande wake. Walikwangua kwa muda mrefu, kila mtu na kona yake.

"Sisemi kwamba wewe hukukosea," Spana alisema mwishowe, bila kuinua uso. "Ulinichelewesha. Hilo nalisema na nitalisema."

"Liseme."

"Ulinifanya nionekane mjinga kila wiki."

"Nimesikia. Nilikuchelewesha. Ungenitukana. Ungekuja kazini kwangu ukanitoa kwenye ngazi kwa nywele. Ungefanya lolote, lakini si lile."

Spana aliacha kukwangua. "Naota ndoto," alisema. "Kile kioo kinaingia ndani. Mama yuko pale, ameshika mkoba."

Kioo alitaka kumwambia pole. Neno lilifika kooni, likakutana na hasira mlangoni, likarudi. "Kona yako bado ina utando," alisema. "Rudia."

Akarudia.

Siku ya kubandika, Kioo aliipasha gundi joto kwenye maji mpaka bomba lake likawa laini mkononi. Alipaka ile dawa nyeusi kwenye kioo na kwenye fremu, akaacha ikauke, na wakati inakauka hakuna aliyeruhusiwa hata kupiga chafya. Kisha akaivuta gundi kuzunguka fremu, mstari mmoja mweusi, wenye mgongo mkali, bila kukatika. Walikinyanyua kioo pamoja kwa vile vikombe vya raba vinavyonyonya kioo, yeye kushoto, mdogo wake kulia.

"Chini kwanza," alisema.

"Chini kwanza."

"Achia pole pole. Sasa bonyeza. Usibonyeze kama unafunga boneti!"

"Nabonyeza hivyo hivyo ulivyosema!"

Kilikaa. Wakakifunga kwa utepe wa karatasi, wakakiacha. Hakuna aliyegusa gari wiki nzima.

Ukingo waliuweka wawili, kwa sababu Kioo aliamua hivyo na hakueleza sababu. Alimpa Spana kijiti cha plastiki, yeye akawa anailisha raba. Walianza chini katikati. Kwenye kona ya kwanza Spana aliivuta kidogo ili ipinde vizuri, na Kioo akampiga kofi jepesi kwenye mkono.

"Usivute. Itakutii leo, kesho ikuaibishe."

Walizunguka paa, wakashuka upande wa abiria. Kwenye ile kona ya juu wote wawili walisimama. Spana aliweka kiganja chake kwenye kioo, akasukuma. Akasukuma kwa mikono miwili. Gari zima liliyumba kwenye springi zake, kioo hakikucheza. Walipofika chini tena, raba ilizidi kidogo. Kioo aliikata ikiwa ndefu kidogo kuliko mwanya, ncha zisukumane badala ya kuachana, akatia tone la gundi, akabana kwa vidole mpaka ikashika. Ukiitazama usingejua ilipoanzia.

Mama alitoka akiwa ameshika mpira wa maji. Hakuulizwa. Alifungua bomba, akakimwagia kioo kutoka juu, kutoka pembeni, kutoka chini, akisogea kwa hatua ndogo kama anayemwogesha mtu mgumu. Kioo alikuwa amekaa ndani na taa, akipapasa kingo zote kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kilitoka kikavu.

"Kwa Mjomba ni wiki gani?" Mama aliuliza akifunga bomba.

"Wakati wowote utakaotaka, Mama," Spana alisema.

"Basi si leo. Nywele zimelowa." Akaingia ndani.

Spana alibaki amesimama karibu na mlango wa gari, anapangusa maji yasiyokuwepo. Kioo alikuwa anafunga vifaa vyake kwenye sanduku, kila kimoja mahali pake.

"Dada."

"Naam."

"Nisamehe."

Kioo alifunga sanduku, akalibana kwa goti ili ndoano ishike. Alijichunguza ndani kwa uaminifu, kama anavyochunguza kingo kwa kidole, na akakuta hasira bado ipo. Ilikuwa imepungua. Lakini ipo.

"Bado," alisema.

Spana aliitikia kwa kichwa. Alishika upande mmoja wa sanduku, dada yake akashika mwingine, wakalibeba hadi getini.

"Nitauliza tena," alisema.

"Uliza," Kioo alisema, na kwenda zake.